Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Kila mtu afanyaye kazi huchoka. Mkulima arudiye jioni toka shambani, jembe begani, amechoka kweli. Lakini akisha kuoga, akala bugali na sombe pamoja na watoto wake, akalala usiku mmoja, asubuhi nguvu zake zimerudi. Uchovu wa namna hiyo si adui. Ni heshima ya mtu mwenye bidii, na hatuna neno juu yake.

Uko uchovu mwingine. Huo haulali mtu alalapo. Mtu huamka nao kama alivyolala nao, huvaa nguo zake nao, huenda nao kazini. Huwapata hasa wale ambao kazi yao ni kuwahudumia watu: mwuguzi, mkunga, mwalimu, mlezi wa yatima, hata padri na sista. Na kwa kuwa hauonekani kama kidonda, wala haupandishi joto la mwili, watu wa nyumbani hawautambui, wakubwa wa kazi hawausadiki, na mwenyewe auonea haya.

Tutazame jambo ambalo wasomaji wetu wa Kivu, wa Maniema na wa Katanga wameliona mara nyingi. Mama mmoja ni mwuguzi katika kituo cha afya. Alipotoka shuleni alikuwa na moyo wa moto. Wagonjwa walimwita mama, na wazee walimbariki. Miaka imepita. Usiku anabaki peke yake kwa wazazi na kwa wagonjwa wa ndani. Dawa zimekwisha, naye ndiye apaswaye kuwaambia watu kwamba zimekwisha. Mtoto akifa, ukoo unamlaumu yeye, si barabara mbovu iliyomchelewesha. Mwisho wa mwezi mshahara haukufika, au umefika nusu. Basi usiku mmoja mama mjamzito analia kwa uchungu, na mwuguzi huyu, ambaye zamani angemshika mkono, anamkemea kwa maneno ya aibu, kisha anageuka ukutani.

Kesho yake mtaa wote unasema: Amekuwa mtu mbaya. Amekuwa na kiburi. Anataka rushwa. Hatusemi kwamba wauguzi wabaya hawako. Wako, na wagonjwa wetu wanawajua. Lakini mtu aliyekuwa mwema miaka kumi, akageuka mkali polepole bila mwenyewe kupenda, tusimhukumu kabla ya kuuliza ni nini kilichompata.

Kuna mganga mmoja aliyeuliza swali hilo juu ya nafsi yake mwenyewe. Jina lake Herbert Freudenberger. Alizaliwa mwaka 1926 huko Frankfurt, katika jamaa ya Kiyahudi, na angali mtoto alikimbia ukatili wa Hitler akafika New York. Alisoma, akawa mganga wa mambo ya moyo na akili. Karibu na mwaka 1970 alijiunga na watu waliokuwa wakitibu bure vijana maskini wa mji ule, wengi wao wametekwa na madawa ya kulevya. Mchana alifanya kazi yake ya kujipatia riziki, saa nyingi. Jioni alikwenda katika kituo kile cha maskini, akakaa hata usiku wa manane. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Hawakulazimishwa na mtu. Walikuwa na upendo.

Baada ya miezi alianza kuona ajabu. Wale waliokuwa na bidii kupita wote ndio walioanza kukasirika kwa jambo dogo, kulia bila sababu, kuumwa kichwa na tumbo, kuwadharau vijana wale wale waliokuja kuwasaidia. Naye mwenyewe alipatwa. Imesimuliwa kwamba siku moja alipaswa kusafiri na jamaa yake kwenda kupumzika, nguo zimefungwa tayari, naye akashindwa kuinuka kitandani. Alipopata nguvu kidogo alichukua chombo cha kunasia sauti, akasema yote yaliyokuwa moyoni mwake, kisha akajisikiliza mwenyewe kama anavyomsikiliza mgonjwa. Alisikia sauti ya mtu mwenye hasira na mwenye kuchoka mno. Mwaka 1974 aliandika juu ya jambo hilo, akalipa jina la kitu kilichoteketea kwa moto. Alilinganisha na nyumba iliyoungua: kuta za nje zimesimama, mpita njia aweza kudhani watu wamo, ukiingia ndani wakuta majivu.

Basi nasi tutauita uchovu wa kuteketea. Tunaona jina hilo ni la kweli kuliko kusema tu kwamba mtu ana mawazo mengi. Moto hauwaki mahali pasipo kuni. Ateketeaye ni yule aliyekuwa anawaka.

Baadaye mwanamke mmoja mwenye elimu, Christina Maslach, mwalimu wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, aliwauliza wauguzi, waalimu, mapolisi na wengine wengi juu ya kazi yao. Mwaka 1981, pamoja na mwenzake Susan Jackson, alitoa kipimo chenye maswali 22 cha kuutambua uchovu huo. Alionyesha kwamba una nyuso tatu. Ya kwanza ni kuishiwa kabisa: mtu hana tena kitu cha kutoa. Ya pili ni moyo kuwa baridi kwa wale anaowahudumia. Hawaiti tena kwa majina, bali husema yule wa kitanda cha nne, yule wa malaria, wale wajinga wa darasa la tatu. Ya tatu ni kujiona hafai: kazi yangu yote ni bure, sijafanya kitu. Uso wa pili ndio unaowadhuru wengine, nao ndio unaomfanya mtu achukiwe. Lakini ubaridi ule mara nyingi ni ngao. Mtu ambaye hana tena machozi ya kulia kwa ajili ya kila mtoto hujifunza kutowatazama watoto usoni.

Shirika la Afya la Dunia nalo limenena. Mwezi wa Mei 2019 liliuandika uchovu huo katika orodha yake mpya ya magonjwa na mambo ya afya, ambayo ilianza kutumika mwezi wa Januari 2022. Waliupima neno kwa neno. Hawakuuita ugonjwa, walisema ni hali itokanayo na mzigo wa kazi uliodumu muda mrefu pasipo kutengenezwa vema, tena ni hali ya kazini tu, si jina la kila huzuni ya maisha. Wasomaji wetu washike sana neno hilo: itokanayo na kazi. Maana kwetu, mtu akichoka hivi, tunatafuta sababu kila mahali isipokuwa kazini. Tunasema amerogwa, au imani yake imepungua, au mke wake hamtunzi.

Wengine husema ni uvivu. Hapo yatupasa kusimama kidogo, maana Kanisa lina elimu ya zamani juu ya uvivu wa roho, nayo ni elimu nzuri, lakini ikitumiwa pasipo mahali pake yaweza kuua.

Katika karne ya 4 wamonaki wa jangwa la Misri walimjua adui waliyemwita pepo wa adhuhuri. Evagrio, aliyefariki mwaka 399, alieleza jinsi anavyomjia mmonaki mchana: humfanya aone jua limekwama mbinguni, achukie chumba chake na kazi ya mikono yake, atazame mlangoni mara kwa mara kama kuna mgeni ajaye, afikiri kwamba mahali pengine angeweza kumpendeza Mungu vizuri zaidi. Na dawa yao ilikuwa nini? Kukaa. Usitoke chumbani, endelea na kazi, endelea na sala, vumilia, na yule pepo atakwenda zake.

Dawa hiyo ni njema kwa mtu aliyechoka kwa sababu moyo wake umekimbia kazi. Lakini mpe dawa hiyo hiyo mwuguzi ambaye amekesha usiku mwingi mfululizo kwa sababu moyo wake haukukubali kuwaacha wagonjwa! Kwa nje watu hawa wawili wanafanana: wote wawili wanatazama saa, wote wawili hawana furaha, wote wawili wanatamani kwenda mbali. Kwa ndani wanapingana. Mmoja hajatoa, mwingine ametoa hata akiba. Mmoja ahitaji kuambiwa: Baki. Mwingine ahitaji kuambiwa: Nenda ukalale, nitakaa mahali pako. Padri asikiaye maungamo, na mama mkubwa wa masista, na mganga mkuu, wanapaswa kujua kupambanua hayo mawili, nasi tunadhani ni moja ya kazi ngumu za uongozi. Njia rahisi ya kuanza ni kuuliza mtu huyu alikuwa namna gani miaka mitatu iliyopita.

Tena twasikia watu wakileta mfano wa mashahidi. Wanasema: Wale masista wa Kikwit hawakuomba kupumzika. Ni kweli. Mwaka 1995, ugonjwa wa Ebola ulipoingia Kikwit, masista sita wa shirika la Waitaliano wa Bergamo, Masista wa Maskini, walikufa mmoja baada ya mwingine kati ya mwezi wa Aprili na mwezi wa Mei, kwa kuwauguza wagonjwa na kwa kuuguzana wao kwa wao. Mwaka 2021 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alitambua fadhila zao za kishujaa, nao wanaitwa Waheshimiwa. Tunainamisha kichwa mbele yao. Lakini sadaka ya namna ile mtu huitoa mwenyewe mbele ya Mungu, siku ya hatari isiyotazamiwa. Hakuna mkubwa wa kazi awezaye kuiandika katika orodha ya zamu. Anayewatajia wauguzi wake masista wa Kikwit kusudi asiwalipe, au kusudi asimtafute mtu wa pili kwa ajili ya usiku, anaitumia damu ya watakatifu kuficha uzembe wake.

Tumeona jambo hilo tena karibu nasi. Kuanzia mwezi wa Agosti 2018 hata mwezi wa Juni 2020 Ebola ilikaa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wameshikwa, na 2,287 walikufa. Wauguzi walivaa nguo zile nzito zisizopitisha hewa, katika joto, wakijua wenzao wameambukizwa. Zaidi ya hayo walichukiwa. Watu walisema kwamba ugonjwa ni biashara, vituo vya matibabu vilishambuliwa, na mwezi wa Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Fikirini mzigo huo: kumwosha mgonjwa ambaye ndugu zake wakuhesabu kuwa muuaji. Ugonjwa ulipokwisha, magari ya wageni yaliondoka. Wauguzi wetu walirudi kwenye malaria, surua na kipindupindu siku ile ile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Waalimu nao wana mzigo wao. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza agizo la katiba ya mwaka 2006, kwamba shule za msingi za umma ziwe bure. Ni jambo jema, wala hatutaki lirudishwe nyuma. Watoto waliokuwa wakiuza karanga njiani waliingia darasani. Lakini tangu miaka ya 1990 ni wazazi waliokuwa wakiujaza mshahara wa mwalimu, na fedha ile ilikoma kabla nyingine haijafika kwa wote. Shule kadhaa zilipata darasa moja la watoto 100 na zaidi, mbele ya mwalimu mmoja na ubao mmoja. Waalimu wengine majina yao hayakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Mwezi wa Septemba 2024, katika majimbo kadhaa, Kivu mojawapo, waalimu wengi waligoma kuanza mwaka wa masomo. Wazazi walikasirika, na hasira yao twaielewa. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mwalimu apigaye watoto kwa fimbo au asinziaye juu ya meza, mzazi ajaribu kwanza kukaa na watoto wake sita chumbani tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha awazidishe mara kumi na saba.

Tukifungua Maandiko Matakatifu tunaona kwamba Mungu hakuwaonea haya watumishi wake waliochoka. Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na watu wamesimama kumngoja. Yetro baba mkwe wake, ambaye hakuwa hata mtu wa Israeli, alimtazama siku moja tu akamwambia waziwazi kwamba afanyalo si jema, kwamba atajimaliza yeye na watu pamoja naye. Hakumwambia aongeze sala, wala aende mlimani kupumzika siku nane, kisha arudi kwenye kazi ile ile. Alimwonyesha jinsi ya kugawanya kazi: wakubwa wa watu elfu, wa mia, wa hamsini, wa kumi; mambo makubwa tu yaje kwake. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina hekima nyingi. Yetro hakumtibu Musa. Aliitibu kazi.

Naye nabii Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa juu ya mlima Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa maneno ya kufa. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji, akamwacha alale tena. Akamwamsha mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Mazungumzo yalikuja baadaye, juu ya mlima Horebu, siku arobaini zimepita. Na mwishoni mwa mazungumzo hayo Mungu alimpa mtu wa kumsaidia, Elisha mwana wa Shafati, aliyekuwa akilima kwa ng'ombe.

Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwaandikia wakubwa wa monasteri kwamba ndugu walio dhaifu wapewe kazi ya kuwafaa, wasikae bure, lakini pia wasiangamizwe na ukali wa kazi hata wakakimbia. Akamkumbusha abati mfano wa Yakobo, ambaye hakutaka kuwaendesha kondoo wake mbio siku nzima, maana wangekufa wote. Na mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, alipoutetea haki ya wafanya kazi katika barua yake kubwa, alifundisha kwamba si haki wala si utu kumwelemeza mtu kwa kazi hata akili yake iwe butu na mwili wake uishe, tena kwamba pumziko la Dominika ni deni la Mungu na la mtu. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 nayo imeweka mpaka wa saa 45 kwa juma, na pumziko la kila juma ni la lazima. Ni nani anayezihesabu saa za mwuguzi wa kijijini?

Basi tuseme na wakubwa wa kazi, nao ni wengi kati ya wasomaji wetu: waganga wakuu, wakurugenzi wa shule, masista wasimamizi wa hospitali, mapadri wa parokia, matajiri wenye wafanya kazi watano au mia tano. Maslach tuliyemtaja, pamoja na mwenzake Michael Leiter, katika kitabu chao cha mwaka 1997, walitaja mambo sita ambayo yakiharibika kazini huwateketeza watu. Wingi wa kazi ni moja tu. Mengine ni kukosa uwezo wa kuamua lolote katika kazi yako mwenyewe, kukosa malipo na shukrani, kuvunjika kwa undugu kazini, upendeleo, na kulazimishwa kutenda kinyume cha dhamiri. Msomaji atafakari hilo la mwisho. Mwuguzi anayeagizwa kumzuia mama na mtoto wake hospitalini kwa sababu hawajalipa, na hali moyo wake wamwambia awaache waende, huchoka kwa amri hiyo moja kuliko kwa kuzalisha wanawake kumi.

Ndiyo maana si kila kitu chahitaji fedha. Orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani mwezi mzima mbele, ambayo mkubwa mwenyewe haivunji kwa ajili ya mpwa wake, ni dawa. Mtu wa pili kwa usiku, hata akiwa mwanafunzi tu wa uuguzi, ni dawa. Kueleza waziwazi fedha za wagonjwa zimeingia ngapi na zimegawanywa namna gani ni dawa kubwa, maana siri ya fedha huchosha kuliko umaskini. Baada ya kifo kibaya, cha mama mzazi au cha mtoto wa shule, kuketi pamoja saa moja, kila mtu aseme alichokiona, pasipo kumtafuta wa kuhukumiwa. Na kusema asante kwa jina la mtu. Tunajua wakubwa wanaodhani kwamba asante huharibu nidhamu; hatujaona hospitali iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Lakini kuna dawa ya uongo ambayo imekuwa desturi. Wafanya kazi wakinung'unika, wanaitwa katika mafundisho ya siku mbili juu ya uvumilivu na juu ya kuituliza roho, wanapewa soda na kitabu kidogo, kisha wanarudi kwenye zamu zile zile tatu za usiku bila mwenzi. Mafundisho yenyewe yaweza kuwa mazuri. Bali ni kupaka chokaa juu ya ukuta ambao mchwa wangali wanaula.

Nyumbani pia kuna kazi ya kufanya. Baba, mke wako akirudi toka zamu ya usiku, usimwulize kwanza chakula kiko wapi. Watoto wakubwa wawachukue wadogo nje, mlango ufungwe, alale. Mama, mume wako mwalimu akikaa kimya jioni nzima, usidhani mara moja kwamba ana mwanamke mwingine. Mwulize watoto wako wangapi darasani mwaka huu. Ndugu wa ukoo nao wajue kwamba mshahara wa mtu mmoja hauwezi kusomesha wapwa wote, na simu za kuomba zinazolia hata saa tano usiku ni sehemu ya mzigo. Na mfanya kazi mwenyewe ajihadhari na pombe ya jioni, ambayo huanza kama kiti cha kupumzikia na kwisha kama bwana wa nyumba.

Tunaongeza neno moja ambalo halitawapendeza wote. Siku hizi, mtu akionekana amezimika, anapelekwa haraka katika chumba cha sala. Sala ni njema, nasi hatuwezi kumzuia mtu asisali. Lakini kumwambia mtu aliyeishiwa kwa kukosa usingizi kwamba akeshe usiku tatu, na aliyeishiwa kwa kukosa chakula kwamba afunge siku saba, kisha kumtajia jina la shangazi aliyemroga, hiyo ni kumwongezea majeraha mgonjwa na kuvunja jamaa bure. Malaika wa Eliya alileta mkate.

Mara nyingine jambo limepita uchovu. Mtu halali kabisa majuma mawili, au analala mchana na usiku, hali, haogi, anasema afadhali nife, au anagawa vitu vyake kama mtu ajiagaye. Hapo si mambo ya zamu tena, wala si mambo ya kungoja likizo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mganga siku ile ile. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, una dawa, na wengi wamepona. Mabruda wa Karita, shirika lililoanzishwa na padri Petro Yosefu Triest huko Ghent mwaka 1807, wamewatunza wagonjwa wa akili katika nchi yetu kwa miaka mingi: Bukavu katika kituo cha Sosame, Goma katika Tulizo Letu, Lubumbashi katika kituo chenye jina la daktari Yosefu Guislain, yule aliyefanya kazi pamoja na mabruda wa kwanza huko Ghent na kutetea kwamba wagonjwa hao watunzwe kama watu. Walio mbali na miji hiyo waanze katika hospitali kubwa iliyo karibu. Anayempeleka ndugu yake asimwache mlangoni kwa haya. Aingie pamoja naye, amweleze mganga tangu lini usingizi ulipotea, tena asisahau kumwambia mgonjwa huyu anafanya kazi gani, saa ngapi kwa siku, na ni nani anayemsaidia usiku.